Shajara ya kuziba zege la nyumbani: Shangani, Mtwara, Juni 2024 hadi Julai 2025

8 Juni 2024: Hali ilivyo kabla ya kuanza

Nyumba iko Shangani, mjini Mtwara, kiasi cha mita 400 kutoka ufukweni, na zege lake lilimwagwa mwaka 2016. Sehemu zitakazoshughulikiwa ni tatu: slabu ya juu ya baraza, yenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 3, uwanja wa mbele wa kuegeshea gari, mita 6 kwa 5, na bimu ya mbele pamoja na kingo za slabu, ambazo zikipimwa pande zote zinafikia mita za mraba 12. Jumla ni mita za mraba 69.

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei, mvua ilipigwa na upepo kwa ubavu usiku kucha, na asubuhi yake nilikuta chini ya bimu matone ya rangi ya chai yakidondoka kwenye sakafu ya baraza. Rangi hiyo ni kutu ya nondo. Kwenye uwanja, maji yalipokauka, uliachwa unga mweupe ambao watu wengi hapa huuita fangasi, ingawa si fangasi hata kidogo.

Unga huo niliupima kwa njia mbili zisizo na gharama. Kwanza nilikamulia ndimu: pale kwenye kingo za slabu ulitoa povu dogo, maana yake ni chokaa iliyotoka ndani ya saruji yenyewe, nayo ni aibu ya sura tu. Kwenye uwanja haukutoa povu lolote, bali uliyeyuka kimya kimya. Hapo nikaugusa kwa ncha ya ulimi, na ulikuwa na ladha ileile ya maji ya bahari. Chumvi ya namna hiyo ndiyo adui, kwa sababu zege lina vinyweleo, chumvi husafiri na maji mpaka kwenye nondo, na ikifika huvunja ule utando mwembamba unaoilinda nondo ndani ya saruji. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na ndiyo inayopasua zege kutoka ndani.

Lengo ni kulipaka zege hili dawa ya kuziba, ambayo wauzaji huiita sila, kabla ya mvua za Desemba.

22 Juni 2024: Bimu yafunguliwa

Fundi alipita na nyundo ndogo akigonga bimu kila baada ya shubiri moja. Mahali pazima palitoa mlio mkavu, na mahali palipokufa palitoa mlio wa debe. Tulitia alama ya chaki, na jumla ya urefu uliokuwa na mlio wa debe ni mita 1.4.

Tulipochimba kwa tindo tulikuta nondo ya chini imefunikwa na zege la milimita 12 tu. Kwa nyumba ya bara ingekuwa kidogo. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi, milimita 40 ndizo ningezitaka leo. Sina wa kumlaumu, maana siku ya kumwaga zege nilikuwepo na sikuuliza.

Kosa ambalo ningelifanya kama si fundi kunizuia ni kuishia palepale kutu ilipoishia. Aliendelea kuchimba sentimita 5 kila upande mpaka kwenye chuma safi, na nyuma ya nondo akapitisha kidole. Sababu yake ni ya msingi: zege jipya likikutana na zege la zamani lenye chumvi juu ya nondo ileile, kutu huhamia pembeni mwa kiraka, na baada ya miaka michache kiraka hubaki kizima huku jirani zake wakipasuka.

Hatua nyingine ni za kawaida: brashi ya waya mpaka chuma king'ae, rangi ya kuzuia kutu, rojo la saruji, kisha udongo wa saruji moja kwa mchanga tatu, uliosukumwa kwa mkono na kusawazishwa kwa mwiko. Mchanga ulikuwa wa mtoni. Tulimwagilia kiraka siku 7 kikiwa kimefungwa magunia ya korosho, ambayo hushika maji vizuri kuliko nailoni pale upepo unapopita chini.

Gharama: saruji mifuko 3, Sh 48,000, mchanga, Sh 45,000, rangi ya kutu, Sh 38,000, fundi siku 5, Sh 150,000, msaidizi siku 5, Sh 75,000. Jumla Sh 356,000.

Nasisitiza jambo moja kwa atakayeiga: sila haiponyi nondo iliyokwisha kuanza kuoza. Ukiipaka juu ya bimu yenye mlio wa debe unakuwa umefunga mlango mwizi akiwa ndani.

20 Julai 2024: Jaribio la kwanza, akriliki kwenye uwanja

Duka la vifaa vya ujenzi mjini lilikuwa na sila ya akriliki, ile inayokaa juu ya zege kama vanishi na kuacha mng'ao. Nilinunua kopo la lita 4 kwa Sh 92,000, pamoja na rola na brashi za Sh 14,000, na tukapaka nusu ya uwanja kuanzia saa 2 asubuhi. Kufikia saa 5 uwanja uliwaka kama sakafu ya benki. Mke wangu alisema hata viatu anaona aibu kuvikanyagishia, na mimi nilikubali sifa hizo bila kusita.

24 Julai 2024: Malengelenge

Siku ya tatu yalitokea malengelenge, madogo kama punje za mtama, yakiwa mengi zaidi pale jua linapopiga mchana kutwa. Siku ya nne yalikuwa na ukubwa wa sarafu, na chini ya kila moja palikuwa na weupe. Nilipotumbua moja kwa ukucha, ngozi ya akriliki ilitoka nzima kama ganda la kitunguu, na kiganja changu kililowa.

Hapo ndipo nilipofanya kipimo nilichopaswa kukifanya kabla ya kununua chochote. Nilikata nailoni nyeupe ya sentimita 45 kwa 45, nikaibandika kwa gundi ya karatasi pande zote nne juu ya sehemu ambayo haikupakwa, nikaiacha tangu saa 10 jioni hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake. Upande wa ndani ulijaa matone, na zege chini yake lilikuwa limebadilika rangi. Maana yake ni kwamba uwanja unapanda unyevu kutoka ardhini. Nilimuuliza fundi aliyemwaga zege mwaka 2016 kama aliweka nailoni chini ya kokoto. Alicheka. Jua linapochemsha zege, unyevu huo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea juu, na sisi tulikuwa tumeiziba njia hiyo kwa ngozi isiyopitisha kitu.

Wazee waliojenga nyumba za kale za Mikindani kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawakuwa na shida hii, kwa kuwa chokaa hupitisha mvuke. Shida huanza mtu anapozipiga plasta ya saruji juu yake. Nimepita mbele ya kuta hizo tangu utoto, zikichubuka kutoka chini kwenda juu, na sikuwahi kujiuliza ni kwa nini.

Kuiondoa akriliki kulichukua siku 4 za msaidizi (Sh 60,000) na lita 5 za tinna (Sh 60,000), tukisugua kwa brashi ya waya vipande vya nusu mita. Jaribio zima limekula Sh 226,000 na halikubakiza chochote isipokuwa brashi.

10 Agosti 2024: Kuosha chumvi, na kosa la kisima

Sila ya kupenya inahitaji zege safi na kavu, kwa hiyo ilibidi chumvi iondoke kwanza. Watu wawili wenye nia njema walinishauri kutumia asidi. Nilikataa, kwa sababu asidi inayouzwa kwa kusafishia sakafu ni jamaa wa chumvi yenyewe: inaacha kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoshambulia nondo, palepale tunapoiondoa, na juu ya slabu yenye nondo hilo ni sawa na kumwaga bahari kwa ndoo. Tulitumia maji na mashine ya kuoshea magari, ambayo tuliikodi kwa Sh 40,000.

Tuliosha slabu na uwanja siku nzima. Baada ya siku mbili za jua unga mweupe ulirudi, safari hii hata juu ya slabu ambako haukuwepo kabisa. Ilinichukua nusu saa ya kulamba huku na huko, mbele ya watoto wa jirani waliosimama kunitazama, kabla ya kufikiria kuonja maji yaliyobaki kwenye pipa. Msaidizi, kwa kutaka kuniokolea pesa, alikuwa amevuta maji ya kisima cha pale nyuma ya nyumba, na visima vyetu vya karibu na ufuko vina maji ya chumvichumvi. Alivyokuwa amezoea kuyatumia kwa kazi zote za ujenzi, hakuona tofauti. Sikuwa nimemwambia.

Tulirudia kwa maji matamu, lita 3,000 zilizoletwa na gari kwa Sh 45,000, tukisuuza mara mbili na kuyasukuma maji machafu kwa fagio hadi nje ya uwanja, yasije yakakaukia palepale. Baada ya siku tatu nilikamulia ndimu na kulamba tena. Kwenye slabu hakuna kitu. Kwenye uwanja kuna alama hafifu katikati, ambayo inatoka ardhini na haitakwisha kwa kuosha.

Jambo jingine la siku hiyo naliandika ingawa sikulipa uzito. Wakati wa kusuuza slabu, fundi aliniita akaniambia, "Mwalimu, maji yanalala hapa." Upande wa mashariki wa slabu kulikuwa na dimbwi la upana wa meza kubwa ambalo halikutaka kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Nilimjibu kwamba tukishaliziba zege, maji yalale yapendavyo.

31 Agosti 2024: Sila ya kupenya yafika

Nilichagua sila ya silani na siloksani. Hii haikai juu ya zege kama ngozi. Huingia ndani milimita chache na kuvipaka vinyweleo, kiasi kwamba tone la maji haliwezi kunyonywa lakini mvuke wa ndani bado unatoka. Kwa uwanja unaopumua unyevu kutoka chini, sikuona njia nyingine.

Mtwara sikuipata. Niliiagiza Dar es Salaam, na basi halikukubali kuibeba kwa sababu ina kimiminika kinachoshika moto, jambo ambalo nalielewa. Ilikuja kwa lori baada ya siku 9.

Mahesabu yangu yalifuata maelezo ya kwenye ndoo, kwamba lita moja hutosha mita za mraba 5. Mita 69 ukigawa kwa 5 ni lita 13.8, hivyo ndoo moja ya lita 20 ingebakiza akiba. Ndoo ilikuwa Sh 460,000 na usafiri Sh 35,000.

7 Septemba 2024: Kupaka

Tulianza saa 12 na nusu asubuhi, kabla zege halijapata moto na kabla upepo haujaamka. Zege lilikuwa limekaa kavu wiki tatu. Mbinu ni ya kulowesha: unapaka mpaka zege libaki limelowa kwa dakika chache, kisha unarudia mkono wa pili kabla ule wa kwanza haujakauka, maana ukikauka zege huanza kuukataa mkono unaofuata.

Kwa kuwa kupaka kwa rola mita za mraba 57 za juu kungechukua muda, niliazima kwa jirani bomba la mgongoni analotumia kwenye mikorosho yake. Tulilisafisha kwa sabuni, tukalisuuza, tukalikausha juani. Kwa lita 6 za kwanza lilifanya kazi kwa utulivu wa ajabu, likitoa ukungu laini, na zege likanywa kama ardhi ya Oktoba. Kisha mpini ukaanza kuwa mgumu. Baadaye ukakwama kabisa, na sila ikaanza kuvuja kiunoni mwa fundi. Tulipolifungua tulikuta wosha za mpira zimevimba na kulainika kama ubuyu uliolowekwa. Mpira wa mabomba hayo umetengenezwa kwa dawa za kuchanganya na maji, na kimiminika cha sila yetu kiliula. Kiasi cha lita moja na nusu kilipotea. Nimemlipa jirani matengenezo, Sh 25,000, pamoja na kuomba radhi.

Tuliendelea kwa rola na brashi. Saa 4 upepo wa kusi uliongezeka, na harufu ikavuka ukuta. Bibi wa nyumba ya pili alitokea na khanga zake mbili mkononi, akaniuliza kwa upole unaouma, "Mwalimu, dawa yenu hii ni ya nyumba au ni ya mtaa mzima?" Tulisimamisha kazi hadi kesho yake alfajiri. Wakati huo ndipo nilipogundua pia kwamba matone yamerukia kioo cha dirisha la sebuleni, ambacho hatukukifunika. Yamekauka, na wembe umeshindwa kuyatoa yote.

Matumizi halisi yalikuwa haya: uwanja wa mita 30 umekunywa lita 10.5, slabu ya mita 27 imekunywa lita 8. Hiyo ni kama mita 3 kwa lita, si 5. Kipimo cha kwenye ndoo ni cha zege lililosuguliwa laini. Letu limepigwa kwa ubao na lina kokoto zinazochungulia. Ndoo iliisha bimu haijaguswa, nikaagiza dumu la lita 5 kwa Sh 130,000 na usafiri Sh 15,000. Jumla ya sila na usafiri mpaka hapa ni Sh 640,000.

28 Septemba 2024: Bimu, na kipimo cha sirinji

Bimu na kingo zimekunywa lita 3.5 kutoka kwenye dumu jipya.

Kumwaga maji na kutazama yakijikunja kuwa shanga kunafurahisha macho lakini hakusemi mengi, kwani hata zege lililopakwa vibaya hukunja maji kwa siku chache. Nilitengeneza kipimo kutokana na sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano wala kisukumio. Unaigandisha wima juu ya zege, mdomo mpana ukiwa chini, kwa silikoni kuzunguka ukingo, na kuziba tundu la sindano si lazima kwa kuwa liko juu. Silikoni ikishakauka unatia maji kupitia tundu hilo hadi alama unayoitaka na kutazama saa.

Kwenye kipande cha zege la zamani kilichobaki nyuma ya nyumba bila kupakwa, mililita 10 ziliisha kwa dakika 6. Kwenye slabu, baada ya saa nzima, maji yalikuwa yamepungua kwa chini ya mililita moja. Kwenye uwanja matokeo yalikuwa hayohayo isipokuwa pembe iliyo chini ya simtanki, ambako mililita 10 ziliisha kwa dakika 9. Pale zege halikuwa limekauka, kwa sababu simtanki linatoa jasho na kivuli hakiondoki. Tulihamisha tanki, tukaacha pembe wiki mbili juani, tukaipaka lita 1.5 zilizosalia. Kwa kuwa sila ya kwanza haikuwa imeshika, zege liliipokea ya pili.

11 Januari 2025: Mvua

Mvua zimepiga kwa wiki tatu. Uwanja unakauka nusu saa baada ya mvua kwisha, na unga mweupe umebaki mstari mmoja tu katikati. Bimu ni kavu. Kiraka hakijapasuka pembeni.

Slabu, hata hivyo, imevuja sehemu mbili. Ya kwanza ni ufa mwembamba, kama unene wa kadi, unaovuka slabu karibu na nguzo. Nilijua tangu mwanzo kwamba sila ya kupenya haizibi ufa. Hupaka kuta za ufa tu, na maji yenye kina hupita katikati. Nilidhani ufa ule ni wa juu juu. Tuliupanua kwa grainda kuwa mfereji wa sentimita moja, tukapuliza vumbi, tukausubiri ukauke kwa siku mbili zisizo na mvua, kisha tukaujaza mastiki ya poliurethani, inayovutika jua linapotanua slabu. Mirija 3, Sh 66,000. Umetulia.

Sehemu ya pili ni ile iliyo chini ya dimbwi.

Sila ya aina hii imetengenezwa kwa mvua inayopiga na kuondoka. Maji yakilala siku mbili yakiwa na kina cha sentimita 2, yanasukuma kwa uzito wake yenyewe, na mwishowe hupata kinyweleo kimoja kilichosahauliwa. Fundi alipofika alitazama dimbwi, akanitazama, na hakunikumbusha. Ningependa angenikumbusha.

8 Februari 2025: Kujaza dimbwi, vibaya

Februari ilitupa siku kadhaa za jua. Tulipima kwa pima maji na kamba: bonde lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, na ili maji yaelekee kwenye bomba linahitaji kujazwa kwa wastani wa sentimita 3. Tulipiga udongo wa saruji moja kwa mchanga nne, tukalowesha zege kwanza kama ilivyo desturi, tukamwaga, tukasawazisha.

Fundi alisema jambo moja wakati wa kulowesha: "Hili zege halinywi." Maji yalikuwa yakijikunja na kukimbia. Tulicheka, tukasema dawa imeshika kweli.

Gharama: saruji mifuko 2, Sh 32,000, mchanga, Sh 15,000, fundi, Sh 30,000, msaidizi, Sh 15,000. Jumla Sh 92,000.

1 Machi 2025: Mlio wa debe, tena

Udongo mpya wote umebanduka. Haujapasuka sana, kwa macho unaonekana mzima. Lakini fundi alipoupiga nyundo ulitoa mlio wa debe kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye ukingo nilipitisha kisu chini yake kama mtu anayeinua chapati kwenye kikaango.

Jibu lilikuwa mbele yetu siku ile. Udongo wa saruji hushika zege la zamani kwa sababu zege hilo linanyonya rojo na rojo hugandia ndani ya vinyweleo. Sisi tulikuwa tumelipia pesa nyingi ili vinyweleo hivyo visinyonye chochote chenye maji, na rojo la saruji ni maji. Kazi yoyote ya saruji, iwe mteremko, kiraka, vigae au plasta, hutangulia sila. Kama Agosti ningesimama dakika 10 pale fundi aliponiita, dimbwi lingejazwa kwa Sh 132,000, udongo pamoja na gundi ya zege, na habari ingeishia hapo.

Hatukugusa kitu hadi mvua zilipokwisha. Maji yaliingia chini ya udongo uliobanduka na kukaa humo, na baraza ilivuja kuliko mwaka uliotangulia.

24 Mei 2025: Kuanza upya kwenye dimbwi

Udongo ulitoka kwa mikono, vipande vizimavizima, na upande wa chini wa kila kipande ulikuwa laini kama kioo. Kisha tulikodi grainda siku 2 (Sh 40,000) na diski ya almasi (Sh 45,000), msaidizi siku 2 (Sh 30,000), tukasugua bonde zima. Swali lilikuwa kusugua hadi wapi. Tulitumia tone la maji kama mwongozo: unasugua, unafagia vumbi, unadondosha tone. Likisimama kama shanga, bado. Likitanda na kuacha doa jeusi, umefika. Kwetu ilikuwa kati ya milimita 3 na 5. Jumla Sh 115,000, pamoja na vumbi lililotulazimu kufunga vitambaa vya maji puani licha ya barakoa.

Pembeni mwa bonde fundi alikata ukingo wima wa sentimita moja kuzunguka, ili udongo usiishie kwa ncha nyembamba kama makali ya kisu, kwani ncha kama hiyo ndiyo huanza kuinuka. Tulipaka gundi ya zege (Sh 40,000), na kabla haijakauka tukamwaga udongo uleule wa moja kwa nne (Sh 92,000). Magunia ya korosho yalirudi kazini, na tukamwagilia kwa siku 7 maji ya bomba. Safari hii maji ya pipa niliyaonja mwenyewe kila asubuhi, na msaidizi sasa huyaonja kabla yangu.

28 Juni 2025: Sila juu ya udongo mpya

Udongo umetimiza siku 35. Saruji mpya huachwa angalau siku 28 kabla ya kupakwa sila, na mimi niliongeza wiki kwa sababu sikuwa na haraka tena. Nyundo imetoa mlio mkavu kila mahali. Kipimo cha nailoni kiliachwa usiku mzima na upande wa ndani ulikuwa mkavu.

Dumu jipya la lita 5 lilikuja kwa lori, Sh 130,000 na usafiri Sh 15,000. Tulipaka kwa brashi pana, mikono miwili, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, vioo vikiwa vimefunikwa magazeti na bibi wa nyumba ya pili akiwa amepewa taarifa tangu jana yake. Mita 8 za mraba, pamoja na sentimita chache za kuvuka ukingo, zimekunywa lita 3.

5 Julai 2025: Vipimo na hesabu

Sirinji kwenye dimbwi la zamani: baada ya saa moja, chini ya mililita moja. Kwenye uwanja, ambao sasa umekaa miezi 10 ukikanyagwa na gari, mililita 2 kwa saa. Pembe ya simtanki ni sawa na sehemu nyingine. Tulimwaga ndoo 10 juu ya slabu, na maji yote yalifika kwenye bomba, isipokuwa utandu mwembamba uliokauka kabla ya chai kuwa tayari.

Pesa yote iliyotumika ni Sh 1,882,000. Kati ya hizo, Sh 603,000 ni za makosa: akriliki na kuiondoa (226,000), wosha za bomba la jirani (25,000), udongo uliobanduka (92,000), kulisugua zege chini yake (115,000) na dumu la mwisho la sila (145,000). Kuosha mara mbili kumegharimu Sh 85,000, na hiyo nimeihesabu kuwa ya kazi yenyewe kwa sababu mashine tuliikodi mara moja tu. Kioo cha dirisha sijakiweka katika hesabu, kwa kuwa sijakibadilisha.

Lita 2 zilizobaki zimefungwa vizuri na kuwekwa stoo mbali na jiko, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa juu ya dumu. Sirinji nimeziacha zimegandishwa mahali pake. Zitatiwa maji tena Oktoba, wiki mbili kabla ya msimu wa mvua kukaribia, na uwanja ukizidi mililita 5 kwa saa utapakwa upya kuanzia njia ya magurudumu.